Maneno ya Umeme: Kutoka Murongo hadi Kadi ya Michoro

Si miaka mingi iliyopita, ofisi moja wilayani Karagwe ilipata kompyuta mpya kwa ajili ya kuchora ramani za viwanja. Kompyuta ilifika ikiwa katika vipande, na fundi wa hapo Kayanga akapewa kazi ya kuiunda. Alipomaliza siku ya kwanza aliandika taarifa fupi, yenye sentensi mbili tu: “Kadi ya michoro imechomeka. Kompyuta haitawashwa hadi plagi ya pili ipatikane.” Taarifa hiyo ilipelekwa kwa mkubwa wake aliyekuwa mbali, naye akajibu kwa barua kali akitaka kujua ni vipi kadi mpya iungue kabla hata kompyuta haijawashwa, na akaagiza kwamba malipo ya fundi yasimamishwe mpaka mhusika apatikane. Wiki tatu zilipita. Mwishowe mwandishi wa makala haya, kwa kuwa ni mwalimu wa Kiswahili na si kwa kuwa anajua lolote la kompyuta, aliombwa aisome taarifa ile na kusema ina maana gani.

Maana zilikuwa mbili, na zote ni Kiswahili safi. Kitenzi kuchoma kina pande mbili tangu zamani: kuchoma kwa moto na kuchoma kwa kitu chenye ncha. Kutokana na kuchoma tunapata kuchomeka, ambako kwa upande mmoja ni hali ya kitu kilichopatwa na moto, na kwa upande wa pili ni tendo la kutia kitu katika nafasi yake kikakaa, kama mtu achomekavyo kisu kiunoni au makuti katika paa. Mafundi wa umeme walilichukua tendo hilo la pili wakalifanya kuwa neno lao: plagi huchomekwa, na ikitolewa huchomolewa. Fundi wetu aliandika imechomeka alipotaka kusema imechomekwa, na herufi moja ya kutendwa aliyoidondosha iligeuza kadi nzima kuwa kadi iliyoungua.

Fundi alilipwa. Lakini tukio lile lilimfanya mwandishi atazame upya historia ya maneno tunayoyatumia tunapozungumza juu ya umeme, na hasa tunapouongoza kutoka ukutani hadi ndani ya kifaa. Historia hiyo haijaandikwa vya kutosha, nasi watafsiri na walimu tunaibeba bila kuijua.

Neno umeme lenyewe halikuzaliwa pamoja na nguzo na nyaya. Kamusi za wamisionari wa karne ya 19 zinalieleza kuwa ni mwanga wa mvua ya radi, ule unaomulika ghafla mbinguni kabla ya ngurumo, na mpaka leo sikio la Mswahili hulihusisha na kumeta na kumetameta. Waliolichagua litumike kwa nguvu mpya iliyokuja na mitambo walikuwa na jicho zuri, maana sayansi ya Ulaya ilikuwa imekwisha kuthibitisha katika karne ya 18 kwamba radi na cheche ya maabara ni jambo moja. Umma wa Dar es Salaam ulianza kuuona umeme wa mitambo mwaka 1908, wakati Wajerumani walipofunga mtambo kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji. Mwaka 1931 zikaundwa kampuni mbili za kugawa umeme, moja ya Dar es Salaam na nyingine ya sehemu nyingine za Tanganyika, na hiyo ya pili ndiyo iliyotuachia jina la TANESCO.

Kenya ilishika njia nyingine. Huko neno lililoenea mitaani ni stima, ambalo asili yake ni mvuke. Katika pwani na katika maziwa stima ilikuwa kwanza meli ya mvuke. Kisha, kwa kuwa mitambo ya kuzalisha umeme iliendeshwa kwa mvuke, jina la mtambo likahamia kwenye kile kilichotoka ndani yake. Basi watu wa upande mmoja wameuita umeme kwa mfano wa mbinguni, na wa upande mwingine kwa mashine iliyouleta. Waganda nao wana amasannyalaze, na Wanyarwanda wana amashanyarazi, maneno ya shina moja. Shina hilo kwa Kiganda lina maana ya kufa ganzi au kupooza. Hawa hawakutazama mbingu wala mashine, bali mkono wa mtu aliyegusa waya.

Karagwe na Kyerwa ziko katikati ya mikondo hiyo yote. Mnyambo anayekaa Murongo humwona Mganda wa Kikagati ng’ambo ya mto Kagera, na soko lake hupokea maneno kutoka pande zote kama linavyopokea ndizi na kahawa. Umeme wenyewe pia ulivuka mpaka. Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera haukuungwa na gridi ya taifa, bali ulipata umeme kutoka Uganda kwa njia ya msongo wa kilovolti 132 itokayo Masaka hadi Kyaka, na kutoka huko ukaenea kwa njia ndogo hadi Bukoba na Karagwe. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba kuanzia 2005 hadi 2025 kampuni iliyokuwa ikigawa umeme nchini Uganda iliitwa Umeme, kwa Kiswahili chetu, hata mwenyeji wa Masaka akawa anamlipa Umeme ili apate amasannyalaze.

Pale Murongo na Kikagati maji ya Kagera yametumika kwa umeme kwa vipindi viwili. Kulikuwa na kituo kidogo cha zamani upande wa Uganda, ambacho kiliharibiwa katika vita vya 1978 na 1979. Katika miaka ya karibuni kimejengwa kituo kipya cha megawati 14, na makubaliano ya serikali mbili ni kwamba umeme wake ugawanywe nusu kwa nusu. Wilaya ya Kyerwa, iliyozaliwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kwa hiyo ina mtambo wa umeme mpakani mwake, ingawa vipo vijiji vyake ambavyo vilijua volti kabla ya kujua nguzo. Jambo hili tutalirudia, maana ndilo lililoleta swali gumu kuliko yote.

Tuseme kwanza juu ya kompyuta. Serikali ya Tanzania ilifunga kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka miwili kabla Bunge halijaunda Baraza la Kiswahili la Taifa kwa sheria ya 1967. Kazi ya kuingiza hesabu za serikali katika mashine haikwenda kama ilivyotarajiwa, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini ila kwa kibali maalumu. Ni mwaka huohuo Baraza lilipoanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Kwa hiyo, katika miaka ile ambayo istilahi za benki, za posta, za sheria na za utawala zilikuwa zikijadiliwa na kusanifiwa kwa bidii, kompyuta ilikuwa kitu kisichoonekana, na mtu hawezi kukipa jina zuri kitu asichokiona. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ikafuata mwaka 1990. Hiyo ya pili iliwapa walimu silaha nzuri kwa umeme wa darasani, na maneno kama mkondo na ukinzani yakakita mizizi. Neno kani lilitengwa kwa ajili ya kile kinachosukuma au kuvuta, ili nguvu isibebeshwe mizigo yote. Lakini kompyuta ilipofunguliwa mlango, iliingia na maneno yake mkononi. Tulipendekeza tarakilishi, wengine wakapendekeza ngamizi. Watu walisema kompyuta, na wanaendelea kusema hivyo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice, ambazo zililazimu mamia ya maneno ya kwenye kiwambo yatafutiwe Kiswahili kwa mara moja. Hata hivyo kazi hiyo ilihusu yanayoonekana kwenye kioo. Ndani ya sanduku, penye nyaya, mafundi waliachiwa wajitafutie, nao wakajitafutia: madabodi, pawa sapulai, feni, kebo, kadi.

Neno kadi linastahili sentensi chache. Kwetu kadi ilikuwa karatasi nene: ya chama, ya kliniki, ya mwaliko wa harusi. Leo mtu anaambiwa alete kadi, na kinachofika ni pande la chuma na plastiki lenye feni mbili au tatu, ambalo kwa uzito lingeweza kuzuia mlango usifungwe na upepo. Asili yake ni ubao mwembamba wa sakiti unaochomekwa wima juu ya ubao mkuu. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilihitaji kadi ya namna hiyo ili kuonyesha maandishi kwenye kiwambo, na kadi hiyo ilikuwa kweli nyembamba. Jina limebaki, umbo limenenepa. Kuhusu sehemu ya pili ya jina, waliosema kadi ya picha walisababisha watu wafikirie kadi za kutakiana heri, na ndiyo maana mwandishi anaona kadi ya michoro ni bora, ingawa kazi yake ya leo ni kubwa kuliko kuchora.

Hapo mwanzo hapakuwa na neno la kutafuta juu ya kuipa kadi umeme, maana kadi ilipata umeme wake wote kupitia tundu lilelile ilimochomekwa. Mabadiliko yalikuja karibu na mwaka 2000. Mwaka huo kampuni ya 3dfx ilitoa kadi yake ya Voodoo 5 5500 ikiwa na tundu la pembeni la kupokea waya wa umeme moja kwa moja, na mwaka 2002 kampuni ya ATI ikafanya vivyo hivyo kwa Radeon 9700 Pro. Tundu la ubao mkuu wa siku hizi hutoa wati 75 tu. Kadi ikihitaji zaidi, ziada hiyo hutoka katika sanduku la kugawa umeme kwa waya maalumu. Plagi ya pini 6 huongeza wati 75; ya pini 8 huongeza wati 150. Kadi ya wati 300 basi hupata 75 kutoka chini na kwa kawaida hudai plagi mbili za pini 8 ubavuni, na hiyo ndiyo plagi ya pili ambayo fundi wa Kayanga alikuwa akiingoja.

Kwa nini iwe waya mwingi hivyo kwa kitu ambacho hakizidi pasi ndogo ya umeme? Mwalimu wa fizikia atalipenda swali hili, kwa kuwa jibu lake ni mgawanyo tu. Ukutani tuna volti 230, na wati 300 zikigawanywa kwa 230 hupatikana mkondo wa ampea 1.3 hivi. Ndani ya sanduku kadi hutumia volti 12, na wati zilezile 300 zikigawanywa kwa 12 huwa ampea 25. Kadiri msongo unavyoshushwa ndivyo mkondo unavyopanda, na joto katika mguso mbovu hupanda kwa kipeo cha pili cha mkondo. Ndiyo maana mzigo hugawanywa katika nyaya kadhaa, na ndiyo maana plagi iliyoingia nusu ni hatari kuliko isiyoingia kabisa. Mwaka 2022, kadi zenye plagi mpya ya pini 16 iwezayo kubeba hadi wati 600 zilipotoka, zilisikika habari za plagi kuyeyuka, na sababu mojawapo iliyoonekana ni kwamba hazikusukumwa hadi mwisho. Plagi hiyo ilirekebishwa mwaka uliofuata. Mtu anayetafsiri maelekezo kwa maneno “unganisha umeme” na kupita zake hajasema uongo, lakini ameacha lile ambalo msomaji alilihitaji: sukuma mpaka kishikizo kifunge, kisha tazama kama pamebaki mwanya.

Kuna mtego mwingine, na huu ni wa majina kabisa. Sanduku la kugawa umeme hutoa plagi za pini 8 za aina mbili. Moja ni ya kichakataji, nayo hugawanyika nne na nne. Ya pili ni ya kadi ya michoro, nayo hugawanyika sita na mbili. Kwa macho ni ndugu, lakini upande wa volti 12 na upande wa kurudishia umeme umepinduliwa. Watengenezaji wamechonga pini kwa maumbo tofauti ili zisikubaliane, lakini mkono wenye nguvu na subira kidogo huweza kulazimisha mengi. Maelekezo yanayosema “chomeka plagi ya pini 8” yanamwachia msomaji abahatishe. Mwandishi anaona, na hapa atavumilia kupingwa, kwamba kwa vifaa hivi kuhesabu pini si kutaja jina; tuite plagi ya kichakataji na plagi ya kadi, kila moja kwa kazi yake, kama tusemavyo jembe la kulimia na shoka la kupasulia. Vivyo hivyo kwa nyaya zinazochomolewa pande zote mbili: waya wa sanduku la mtengenezaji mmoja usitumiwe katika sanduku la mwingine hata kama unaingia, kwa sababu mpango wa ndani haukusanifiwa, na waliojaribu wamepoteza vifaa.

Sasa turudi vijijini Kyerwa. Kabla Wakala wa Nishati Vijijini haujaanza kazi mwaka 2007, na kwa vijiji vingi muda mrefu baada ya hapo, umeme wa mkulima ulikuwa betri ya gari. Betri iliwasha redio na taa, ikichoka ilifungwa nyuma ya baiskeli ikapelekwa mjini kutiwa chaji, na baadaye paneli za jua zikaipunguzia safari. Hivyo vijana wa huko walikuwa na ujuzi ambao mtoto wa mjini hana: walijua volti 12 kama wanavyojua debe na kibaba. Mmoja wao, alipoona kibandiko kwenye kadi kimeandikwa volti 12, alimwuliza mwandishi swali hili: ikiwa kadi inataka 12 na betri ya baba inatoa 12, sanduku lile la bei ghali lina kazi gani?

Swali ni la haki, na kosa si lake bali ni la lugha tunayoitumia. Tunasema betri ni ya volti 12 kwa kulitaja tabaka lake tu. Betri ya tindikali iliyojaa na kupumzika huwa karibu volti 12.7, ikiwa bado inatiwa chaji hupita 14, ikichoka hushuka chini ya 12. Kadi ya michoro hutegemea volti 12 zilizochungwa, zisizopungua 11.4 wala kuzidi 12.6 kwa kanuni ya kawaida ya masanduku hayo. Kwa hiyo tuna volti 12 za jina na volti 12 za kipimo, na Kiswahili chetu cha sasa hakitofautishi. Mwandishi anapendekeza volti 12 tulivu kwa hizo za sanduku. Anayeona neno bora na alilete. Chaji nayo imekuwa kapu la kila kitu. Simu haina chaji, betri haina chaji, na sasa watu wanasema kadi haipati chaji, ilhali kadi haiweki akiba yoyote ya umeme na hivyo haiwezi kutiwa chaji hata siku moja. Kinachoweka akiba hutiwa chaji. Kinachotumia papo kwa papo hupewa umeme.

Sanduku lenyewe liitweje? Ugavi wa umeme ni huduma, ile tunayoilipia kwa LUKU, neno ambalo ni la kupigiwa mfano, kwa kuwa lilifinyangwa kutokana na sentensi kamili ya Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo na wananchi wakalipokea bila kuombwa. Kifaa kikiitwa ugavi pia, basi “ugavi umekatika” litakuwa fumbo jingine kama la kuchomeka. Kigawa umeme kingefaa, maana hicho hupokea volti 230 na kuzigawa kwa kila kiungo kwa kiasi chake. Wazo hilo si geni kwa mtu aliyewahi kuona mgao wa umeme.

Haingekuwa haki kuiacha Kyerwa bila kutaja bati. Madini haya yalichimbwa huko tangu enzi ya Waingereza na yanachimbwa hadi leo na wachimbaji wadogo. Wenyeji huyaita bati, na mabati ndiyo yanayoezeka nyumba zao, ingawa mabati ya paa ni chuma kilichopakwa zinki au mchanganyiko wake na alumini, wala hayana bati ndani yake. Bati halisi limo ndani ya kadi. Lehemu inayoshika pini za tundu la umeme ilikuwa zamani mchanganyiko wa bati na risasi. Tangu Julai 2006, Jumuiya ya Ulaya ilipozuia risasi katika vifaa vya umeme, lehemu nyingi zimekuwa na bati zaidi ya asilimia 95. Mwanafunzi wa Murongo aliyeambiwa haya alicheka, akasema kumbe mawe yao huenda mbali kisha hurudi yakiwa na feni.

Taarifa ya fundi, baada ya malipo kuruhusiwa, iliandikwa upya kwa ajili ya jalada. Inasomeka hivi: “Kadi ya michoro imepachikwa katika ubao mkuu na kufungwa kwa skrubu mbili. Plagi ya kwanza ya kadi imechomekwa hadi mwisho. Plagi ya pili ya kadi haijapatikana. Kigawa umeme hakijawashwa. Hakuna kilichoungua.” Fundi aliisoma, akaitia sahihi, akauliza kama anaweza kuendelea kusema sapulai akiwa dukani kwake. Aliruhusiwa.